Mjomba Si Mtu Baki

Juni 9, Jumapili

...na sikumaliza kukuambia, daftari langu, habari za mikono ya mume wangu. Jana mama mkwe aliniita nikachambue mchele, nikaacha sentensi katikati. Basi, mikono. Vidole virefu, na akifikiri hugonga meza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa rafiki. Akipata jawabu huacha kugonga, hugeuka na kunitafuta kwa macho. Mimi! Dirishani kuna mlima mzima uliovaa mawingu, naye ananitafuta mimi.

Jina lake sitaliandika. Mke wa kwetu halitaji jina la mumewe. Najua wasichana wa siku hizi wanalitaja hata sokoni, lakini mimi naona raha kulificha, kama pipi shavuni. Humu nitamwita Mwenyewe.

Mchana Mwenyewe yuko ofisini kwa watu, hapa hapa Tenkasi, kusini kabisa mwa India. Jioni na Jumapili ni za Naalkatti. Ni programu ya kutengenezea kalenda, zile za kuchana karatasi moja kila siku, zenye saa njema na saa mbaya, siku za kufunga, mwezi mpevu, siku zinazofaa kuoa. Aliianza akiwa chuoni, akaitoa bure, na chanzo chake ni huria: yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa, kuirekebisha, kumgawia jirani. Wapiga chapa wa Sivakasi, mji unaochapa kalenda za nchi nzima, wanaitumia. Sivakasi! Kalenda iliyoning'inia jikoni kwa mama yangu, ambayo nimeichana kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kumbe hesabu zake ni kazi ya mume wangu. Nilipoambiwa hivyo siku walipokuja kuniposa, niliimwaga kahawa kwenye sinia. Nikaolewa hivyo hivyo.

Juni 11

Manyunyu kutwa. Nguo hazikauki. Furaha tupu.

Juni 16, Jumapili

Tumekwenda kwenye maporomoko ya Courtallam, mimi, Mwenyewe na wifi yangu Malarvizhi, ambaye ulimi wake haujawahi kulala. Maji yanakupiga mgongoni kama mama aliyekasirika kisha yanakuacha mwepesi kama pamba. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, na katikati uzio wa chuma. Nilimwona kwa mbali, nywele zimemlalia usoni, nikacheka peke yangu hadi bibi mmoja akaniuliza kama nina homa.

Njiani, tukila ndizi za kukaanga, nilimwomba anieleze kazi yake kwa maneno ya mtu aliyeishia sekondari.

"Naalkatti yenyewe ni kama ukuta na msumari," alisema. "Haijui kitu. Wanaojua ni vipachiko. Kimoja kinajua sikukuu za msikitini, kingine za kanisani, kingine kinajua mwezi na nyota. Kila mtu anapachika anachotaka."

"Nani anavitengeneza?"

"Vingine sisi. Hivyo vinatoka ndani ya boksi moja na Naalkatti, vina muhuri wetu. Kikiharibika ni aibu yetu, na yeyote kati yetu anaruhusiwa kukifungua na kukirekebisha. Vingine vimetengenezwa na watu huko kwao na vinakaa huko huko kwao. Sisi tuna ukurasa tu wa kuonyesha mlango. Ukibonyeza, Naalkatti inakwenda mlangoni kwake na kukuletea. Kikiharibika, kazungumze na mtu wake."

Malarvizhi akadakia, "Umesikia, wifi? Kama wewe. Umeletwa kutoka Srivilliputhur, huna muhuri wetu. Ukiharibika tunakurudisha kwa mama yako."

Nikamwonyesha uzi wa ndoa shingoni. "Muhuri huu hapa."

"Huo bado mpya. Ngoja ulowe."

Tulicheka hadi ndizi zikamwagika. Lakini nyumbani nilijitazama kwenye kioo nikajiuliza kwa mzaha, na mzaha wenyewe ulikuwa na chembe ya kweli: mimi hapa ni wa ndani ya boksi, au bado niko kwenye ukurasa wa milango?

Juni 23, Jumapili

Mjomba Sundaravel alikuja leo. Ni kaka yake mama mkwe, mwalimu wa hesabu mstaafu, na anakaa Srivilliputhur, mtaa mmoja na wazazi wangu. Ndiye aliyetuunganisha. Utotoni tulikuwa tukipita mbele ya baraza lake kwa kunyata, maana angeweza kukusimamisha ukiwa na kibuyu cha maji kichwani akuulize tisa mara kumi na saba.

Mjomba ana kipachiko chake. Kwetu kuna hesabu mbili za mwaka. Ile mpya inafuata anga kama vyombo vinavyoipima leo. Hiyo imo ndani ya boksi la Naalkatti. Ile ya kale inafuata majedwali ambayo wazee waliyaweka katika beti ili yasisahaulike, na Mjomba aliimbishwa beti hizo na babu yake. Hesabu hizi hupishana saa, mara nyingine siku nzima. Mahekalu mengi na nusu ya nyumba za huku hufuata ya kale. Kwa hiyo Mjomba, alipostaafu, alijifunza kuandika programu akiwa na mvi kichwa kizima, akazigeuza beti za babu yake kuwa kipachiko. Kinakaa kwake, na kila mwaka anakirekebisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Hiyo ya boksini inasema mwezi mpevu lini?" alimuuliza Mwenyewe, akivuta ugoro.

"Ijumaa, Mjomba."

"Ijumaa! Mwezi umekutumia ujumbe?"

"Vyombo vinasema, Mjomba."

"Vyombo vina umri gani? Beti zangu zilikuwa zinahesabu mwezi kabla babu wa vyombo vyako hajazaliwa."

Nikampa maziwa mtindi. Akanywa, akanitazama juu ya miwani. "Chumvi imepungua," akasema. Sijui ni nini kilichonitia hofu zaidi, sauti au miwani.

Juni 30, Jumapili

Leo ni siku ya fahari! Mwenyewe ameamua kurasa zote za Naalkatti, ambazo zilikuwa kwa Kiingereza tu, zipatikane kwa Kitamil chetu, na anayeziandika vizuri ni mimi, maana yeye Kitamil chake kimekaa kama shati lililokunjwa vibaya. Tulikaa meza moja, viwiko vikigusana. Tulipofika kwenye ukurasa wa vipachiko, Kiingereza kilisema vile vya boksini ni rasmi na vile vingine ni vya mtu wa tatu.

"Mtu wa tatu ni nani?" nikauliza. "Wa kwanza na wa pili wako wapi?"

Akacheka, akagonga meza, akagonga, akaacha. Akanitafuta kwa macho. "Tuandike Vya Wenyewe," alisema, "na Vya Watu Baki."

Lo, nilipiga makofi! Maneno mafupi, safi, hata mama yangu angeyaelewa. Tukampelekea Yazhini, binti wa Jaffna, huko Sri Lanka, anayekagua kila kitu kabla hakijatoka. Akajibu baada ya muda mfupi: mazuri, yatoke.

Mume wangu mshairi na wala hajui.

Julai 4

Mvua. Uyoga umeota nyuma ya choo. Tumeula.

Julai 8



Tulikuwa tunakula idli, vile vitumbua vya mvuke, asubuhi simu ya mama mkwe ikalia. Alikuwa na unga mikononi, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka kwa nyumba nzima.

"Arivu yupo?" Ni Mjomba, na jina amelitaja yeye, si mimi. Hakusalimu.

"Yupo, kaka. Umeamkaje?"

"Nimeamka mtu baki."

"Nini?"

"Muulize mwanao. Nimefungua Naalkatti yangu leo, imekuja na Kitamil kipya. Kwenye vipachiko nimejitafuta. Nimejikuta chini ya kibao, Vya Watu Baki, Sundaravel wa Srivilliputhur. Mimi! Niliyemkalisha mapajani siku anatobolewa masikio, akanilowesha shuka ya dhoti mbele ya watu! Niliyemtafutia mke! Mimi ni mtu baki?"

Mwenyewe alikuwa amesimama tayari. "Mjomba, si hivyo. Maana yake ni kwamba kipachiko kinakaa kwako, hakikai..."

"Najua kinakaa wapi. Kiingereza kiliponiita mtu wa tatu sikusema kitu. Kiingereza hakinijui. Lakini Kitamil kinanijua, Arivu. Umeniandika mtu baki kwa lugha ya mama yako."

Simu ikakatika. Mama mkwe akanawa unga, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akamwambia mwanawe maneno ambayo sijawahi kusikia mama akimwambia mwana, nayo yalikuwa machache: "Ule ukishiba, ufunike chakula mwenyewe." Akaenda chumbani.

Kwa watu wa mbali naandika hivi, ingawa hakuna wa mbali atakayesoma: kwetu mjomba ni nguzo. Mtoto hanyolewi, hatobolewi masikio, haolewi bila yeye. Unaweza kumkosa baba kwenye sherehe, ukasamehewa. Mjomba, hapana.

Na neno lile, mimi ndiye niliyelipigia makofi.

Julai 9

Mjomba ameondoa kipachiko chake. Ukurasa wetu bado unaonyesha mlango wake, lakini ukibisha hakuna mtu.

Julai 11

Sasa nieleze kwa nini Mwenyewe hali chakula. Siku ya kumi na nane ya mwezi wa Aadi, unaoanza wiki ijayo, wapiga chapa wa Sivakasi hutoa sampuli za kalenda za mwaka ujao. Ni desturi yao, siku njema kwao kuanza biashara. Bila sampuli, maduka hayaagizi. Na kalenda isiyo na hesabu ya kale, hekalu gani litaitundika? Kila mwaka, kabla ya Aadi, Mjomba huingiza marekebisho ya mwaka mpya, wapiga chapa wanayachukua mlangoni kwake. Mwaka huu wamekuta mlango mtupu, nao hawamjui Mjomba, wanamjua Mwenyewe. Simu hazikomi. Mmoja amesema wazi: mkishindwa, tunarudi kwenye programu ya kununua, na hatutatazama tena vitu vya bure.

Yazhini alipiga simu ya picha jioni. Ni msichana mwembamba, miwani mikubwa, anasema haraka kama anayekimbiza basi.

"Kaka Arivu, mbona tunalia? Kipachiko cha mzee kina leseni huria. Nina nakala. Beti zipo zote, marekebisho ya mwaka mpya nitayafanya mimi. Tunakiingiza ndani ya boksi, tunaweka muhuri, kwisha. Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu," akasema Mwenyewe.

"Sasa?"

"Yazhini, mtu amekasirika akafunga mlango wake. Sisi tuna ufunguo wa ziada. Tukiingia tukabeba chungu chake, sheria haitatufunga. Lakini wale wengine wote waliotuamini wakaweka milango yao kwenye ukurasa wetu, wa Penang, wa Batticaloa, yule padri wa Tuticorin, watasema nini?"

"Watasema kalenda zimetoka kwa wakati."

"Wiki ya kwanza. Ya pili watatazama milango yao."

Yazhini akavua miwani, akaifuta, akasema basi, hataigusa ile nakala. Na mimi, nimesimama na vikombe mlangoni, nilijaa fahari. Huyo ndiye niliyempata! Angeweza kuchukua, na sheria mkononi, lakini hakuchukua.

Julai 14

Mama mkwe anampakulia mwanawe chakula kimya. Anamwekea samli zaidi ya kawaida lakini hamwambii neno. Malarvizhi amesema, "Hasira ya mama inanenepesha." Hakuna aliyecheka.

Julai 16

Aadi imefika, na mke mpya lazima arudi kwa wazazi wake mwezi mzima. Watu wazima husema ni kwa ajili ya baraka. Malarvizhi anasema ni kwa ajili ya hesabu: hesabu miezi tisa toka Aadi uone mtoto anazaliwa kwenye joto la namna gani.

Sasa tazama. Kwa hesabu ya kale Aadi imeanza leo. Kwa ya boksini inaanza kesho. Asubuhi Mwenyewe akasema juu yangu, mbele ya mama yake, akitazama dari, "Kothai ataondoka kesho. Ndivyo anga lilivyo."

"Nyumba hii inafuata hesabu ya kaka yangu," akajibu mama mkwe. Ndilo neno la kwanza kumwambia tangu ile simu ya Mjomba. Nikaenda kufunga mizigo, machozi yakidondokea sari zangu. Baada ya kitambo mama mkwe akaingia, akakaa kitandani, akasema akitazama dirisha, "Mabasi leo yamejaa, na mvua hii. Utakwenda kesho."

Barabarani hapakuwa na mvua yoyote. Nilimwinamia nikamgusa miguu, akanipiga begani. "Usilie kwenye sari ya hariri. Inaweka madoa."

Nilikuwa namwogopa. Sijui nilikuwa naogopa nini.

Julai 17

Srivilliputhur. Kitanda changu cha zamani kimekuwa kifupi. Au mimi nimekuwa mpana kwa mapenzi.

Julai 20, Jumamosi

Nimekwenda kwa Mjomba. Alikuwa barazani na gazeti, miguu juu.

"Umekuja kama binti wa mtaa huu au kama mke wa yule?"

"Nimekuja kama mtu mwenye njaa ya palkova, Mjomba."

Midomo yake ilitaka kucheka, akaikataza. Akaagiza palkova, nikala, tamu, ya maziwa mazito. Yeye ndiye aliyeanza. "Kamwambie hivi. Anihamishe. Aniweke kwenye Vya Wenyewe, na mlango wangu utafunguka siku hiyo hiyo. Sitaki zaidi."

Nilikimbia nyumbani kumpigia Mwenyewe, nikidhani nimeshinda vita. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha nikasikia kidole kinagonga meza, kinagonga, hakiachi.

"Haiwezekani, Kothai. Cha boksini lazima kikaguliwe, na yeyote kati yetu awe na ruhusa ya kukibadilisha. Sheria inaruhusu, lakini Mjomba mwenyewe hajamruhusu mtu kugusa hata nukta. Nikikiweka humo kwa sababu ni mjomba wangu, basi muhuri ule utasema undugu tu, hautasema kazi. Kuna watu wanautegemea hawanijui wala hawamjui."

"Basi badilisha neno!"

"Nimejaribu. Vya Nje, Vya Wengine, Vya Mbali. Niambie ni lipi kati ya hayo ambalo Mjomba atakubali kuitwa."

Nikakasirika. Nikamwambia ana akili ya vile vyombo ambavyo Mjomba huvicheka. Ndio ugomvi wetu wa kwanza, tena kwa simu, hata mkono wa kushika sina! Baadaye, nikisaga nazi, niliwaza: kumbe anakosea. Kumbe kuna mahali amekwama. Na badala ya mapenzi kupungua nilijikuta nampenda kwa namna nyingine, ile ya kumpenda mtu ambaye siku moja atakuhitaji.

Julai 24

Upepo mkali. Muuza vitunguu amepoteza mwavuli. Wapiga chapa wamempa Mwenyewe hadi mwisho wa mwezi huu wa Julai. Hajala vizuri, Malarvizhi ameniambia.

Julai 27, Jumamosi

Nimelipata! Nimelipata jikoni!

Ngoja niandike kwa mpangilio. Leo kimefika chungu kutoka Tenkasi, achari ya maembe ya mama mkwe, kama ilivyo desturi ya nyumba zilizooana kupelekeana vitu mwezi huu. Baba yangu akafunua, akachovya kidole. "Mh. Chumvi imezidi. Leta sukari guru tuipooze."

Mama akampiga kwenye mkono kwa upawa. "Ondoa mkono! Chungu cha mkwe hakitiwi chumvi wala sukari. Kinapakuliwa kama kilivyokuja."

"Na kikiniumiza tumbo?"

"Kikikuumiza utajua kimetoka kwa nani. Na kikikupendeza utamtaja pia. Wewe umeona wapi mtu anapika juu ya mapishi ya mkwe?"

"Kwa hiyo si chetu."

"Si chetu."

"Basi ni cha watu."

"Watu gani? Ni cha wakwe!"

Nilisimama na sahani mkononi, nikahisi nywele zinanisisimka. Jiko lake mwenyewe, mkono wake mwenyewe, jina lake juu ya chungu. Hatukikagui, hatukirekebishi, hatukiwekei muhuri wetu. Na bado hakuna duniani anayethubutu kumwita mkwe mtu baki!

Nikampigia Mwenyewe nikiwa hata sijanawa. "Vya Wakwe," nikasema. Sikusalimu.

"Nini?"

"Kibao. Vya Nyumba Hii, halafu Vya Wakwe."

Kidole kikagonga meza mara chache. Kikaacha. Nilijua, kama ninavyojua mapigo ya moyo wangu, kwamba huko Tenkasi ameinua macho ananitafuta chumbani.

Julai 28, Jumapili

Mwenyewe alitaka kumpigia Mjomba. Nikamwambia hapana, simu ndiyo iliyoanza ugomvi huu, ngoja miguu iumalize. Nikavaa sari ya rangi ya parachichi nikaenda.

"Palkova imekwisha," alisema Mjomba kabla sijakaa.

"Leo nimeleta swali la hesabu, Mjomba."

Hapo akakunja gazeti.

"Ukihamia kwenye Vya Wenyewe, beti za babu yako zitakuwa chungu cha jiko lile. Kuna binti wa Jaffna anaitwa Yazhini. Anakagua kila kitu. Atafunua, ataonja, na akiona chumvi imepungua ataongeza."

"Ataongeza wapi?"

"Kwenye majedwali yako."

"Hatagusa!"

"Ndiyo sheria ya wenyewe, Mjomba. Hata Arivu..." Nikaziba mdomo. Jina lilinitoka! Mjomba alicheka sasa, meno yote, miwani ikamteleza puani.

"Mume wako angekusikia!"

"Hata yeye," nikasema, uso ukiniwaka moto, "kazi yake inafunguliwa na kubadilishwa. Hakuna mwenye chungu cha peke yake kule. Sasa swali: unataka kuwa ndani na wakutie chumvi, au uwe na jiko lako?"

Akavuta ugoro. Akapiga chafya. Akasema kwa sauti ndogo, ya mtu ambaye sikuwahi kumwona kwenye baraza lile, "Nataka jiko langu. Lakini sitaki kula nje, Kothai. Mtoto yule nimemlea."

Nikamwambia neno. Akalirudia kimya, midomo ikitembea, kama anayejaribu ubeti.

"Wakwe. Lakini mimi ni mjomba, si mkwe."

"Kwetu mjomba ndiye mkwe wa kwanza. Ungekuwa na binti, si mpwa wako ndiye angemwoa?"

Aliangalia barabara. Ng'ombe akapita, akasimama, akapita.

"Nilizaa madume matupu," alisema. "Dada yangu alisubiri, nami nikamzalia madume matupu. Mwanawe alipofika umri wa kuoa nikasema, kama sina wangu wa kumpa, basi mke atoke mtaa wangu, awe binti niliyemwona akikua. Nikazunguka mtaa. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akinyata mbele ya baraza langu, lakini tisa mara kumi na saba alijibu bila kusimama."

Mimi! Alikuwa ananisema mimi! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilijibu.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema, akisimama na kutafuta ndala zake. "Mimi ni mkwe. Mwambie aandike. Na mwambie marekebisho ya mwaka mpya yalikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Mtu anaweza kukasirika, lakini mwezi hauwezi kusubiri."

Mlango wake ulifunguka kabla sijafika nyumbani.

Julai 29

Mama mkwe amezungumza na mwanawe asubuhi nzima. Sasa Mwenyewe anaomba mama anyamaze kidogo.

Agosti 3, Jumamosi

Aadi kumi na nane! Kwa hesabu ya Mjomba ilikuwa jana, kwa hiyo mama alipika wali wa ukwaju na wa limau jana, na leo akapika tena kwa ajili ya mkwewe asiyekuwepo. Baba hajalalamika.

Sivakasi wametoa sampuli. Mjomba alikwenda mwenyewe, asubuhi, kwa basi, akarudi na moja chini ya kwapa. Tulikusanyika barazani kwake, nusu ya mtaa. Kila karatasi ina hesabu zote mbili ubavu kwa ubavu, mpya na ya kale, na pembeni kwa herufi ndogo kabisa jina la Naalkatti. Mjomba alimwonyesha kila mpita njia, hata yule aliyekuja kudai gazeti lake.

Na ukurasa! Mwenyewe alinitumia picha. Vya Nyumba Hii juu, Vya Wakwe chini yake, na maelezo niliyoyaandika mimi: kila kimoja kwa jina la aliyekipika, kutoka jikoni kwake. Yazhini ameniandikia: "Dada, neno limependwa hadi Penang. Jamaa wawili waliokuwa wakisita wameleta milango yao. Tulitaka kulitia na kwenye Kiingereza, lakini Kiingereza chao hakina wakwe wa namna hii." Na kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, ambako kila mtu duniani anaweza kusoma nani alibadilisha nini, pameandikwa jina langu. Kothai. Jina la Mwenyewe liko mstari wa juu, langu chini yake, hakuna kitu katikati. Nimelitazama mpaka simu ikaisha chaji.

Malarvizhi amenipigia kusema muhuri umelowa na haukutoka rangi.

Agosti 5

Mvua imeacha huku, lakini Tenkasi bado manyunyu, anasema Mwenyewe, na mto wangu wa kulalia huko bado unanukia nywele zangu. Ameyasema hayo kwenye simu! Nimeifunika simu kwa upindo wa sari, mama asisikie.

Mjomba ameingilia kati. Gari la sherehe za Aadi Pooram linavutwa kwa kamba hekaluni kwetu wiki hii, na mkwe kuja kutazama gari la mungu, mchana kweupe, akiwa na mjomba wake pembeni kama bawabu, hakuna wa kulaumu. Mama mkwe amekubali. Baba amekwenda kununua samli.

"Naja kabla Aadi haijaisha," Mwenyewe ameniambia sasa hivi.

"Kwa hesabu ipi?" nikamuuliza.

Kidole kikagonga meza mara moja tu.

"Kwa zote mbili."